Gari inakunywa maji, fundi ni shemeji, na mume hataki niipeleke kwingine

Shikamoo Anti. Naomba jina langu na mtaa ninaokaa visitajwe, sema tu niko Dar huku njia ya Morogoro. Swali langu litaonekana la gereji kuliko la kwenye safu yako lakini ukisoma mpaka mwisho utaona kwanini nimekuletea wewe na sio fundi.

Nina Toyota Premio, ile ya injini ya 1NZ, nimeinunua mwenyewe kwa hela ya kikoba na mkopo wa kazini ambao mpaka leo nakatwa. Mume wangu hana gari kwahiyo hiyo hiyo ndo ya kupeleka watoto shule, ndo ya sokoni, ndo ya misiba na harusi za ukoo mzima. Sasa tangu mwaka huu uanze gari inakunywa maji. Asubuhi nikifungua rejeta yameshuka, najaza, kesho yake yameshuka tena. Pale inapolala sioni dimbwi, sakafu kavu kabisa. Na kinachonichanganya zaidi ni ile chupa ya pembeni, yenyewe haipungui, tena saa nyingine imejaa mpaka imepita mstari, ila rejeta ndo haina kitu. Nimeshazoea kutembea na madumu kwenye buti. Maji yenyewe ni ya kisima cha nyumbani, nasikia yana chumvi lakini ntafanyaje na kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, nikinunua leo keshokutwa imeisha.

Fundi wangu ni shemeji, mdogo wake mume wangu wa tumbo moja. Alifungua kigereji chake chini ya mwarobaini hapo karibu na kwetu, mume wangu ndo alimpa mtaji wa jeki na spana, na gari yangu ndo ilikuwa ya kwanza kuonekana pale. Majirani walivyoona na wao wakaanza kuleta zao. Ufundi hanichaji hata mia, nanunua spea tu, na ni kijana mpole ana adabu zake, shem hivi shem vile. Alianza na kubadilisha mpira wa juu wa rejeta, ikatulia kidogo ikarudi. Akatoa thamostati akasema hizo zimewekwa kwa ajili ya nchi za baridi huku Bongo hazina kazi. Ikarudi. Akapiga feni dairekti, sasa hivi nikiwasha gari tu feni inalia mwanzo mwisho. Halafu akatia ule unga wa kuziba rejeta. Kila akigusa inakaa sawa siku chache halafu yale yale.

Majuzi natoka kazini, foleni ya Tabata, mshale wa temperecha ukapanda mpaka karibu na H. Nikaanza kutetemeka natafuta pa kuegesha, kabla sijapata ukashuka wenyewe ghafla mpaka chini kabisa, nikamshukuru Mungu nikaendelea na safari. Kesho yake nikaipitisha gereji moja karibu na ofisini bila kumwambia mtu nyumbani. Fundi wa pale alikuta rejeta tupu, akajaza maji, akaniambia niwashe mfuniko ukiwa wazi, akaona mapovu yanapanda akasema dada hii gasketi ya hedi imeungua, andaa laki sita na nusu. Hakuangalia kitu kingine. Nikamuuliza huu ukurutu mweupe mweupe kwenye injini upande wa mkanda ni nini, akasema huo uchafu tu.

Jioni nikamwambia mume wangu. Anti, sijawahi kumuona amekasirika vile, na wala hakukasirikia gasketi, kilichomuuma ni kwanini nimepeleka gari kwa mtu mwingine. Akaniambia "unataka mtaa mzima ujue mdogo wangu hajui kazi? Mama akisikia utamwambia nini?" Nikamjibu gari ni yangu na hela ni yangu. Hapo ndo moto ukawaka, na toka siku hiyo tunaongea mambo ya watoto tu.

Na bado kuna mengine. Desemba wifi yangu anaolewa Iringa, imeshapangwa kitambo kwamba tunaenda na gari yangu, mimi, mume wangu, shemeji mwenyewe, watoto na mabegi. Nikiwaza mlima Kitonga na hali hii tumbo linaniuma. Halafu kuna dada hapa ofisini anaipenda hii gari muda mrefu, yuko tayari kunipa milioni kumi keshi. Rafiki yangu anasema uza, asubuhi jaza maji mpe azunguke nayo kidogo haitaonyesha kitu, utachukua nyingine huko mbele. Nafsi moja inaniambia uza upumzike, nyingine inakataa.

Nifanyeje Anti? Nimvunjie shemeji heshima niokoe injini, ninyamaze nilinde ndoa, au niuze yaishe? Na swali dogo la mwisho, siku shemeji anamwaga kulanti pale uani nilikuta mwanangu mdogo anachezea yale maji ya pinki, yana madhara?

Mwenye Premio, Dar es Salaam

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na la mtoto maana hilo halisubiri. Kulanti nyingi zimetengenezwa na kitu kinaitwa ethilini glikoli, ni sumu, na ubaya wake ina utamu utamu kwahiyo mtoto au mbwa akiionja anataka tena. Kuigusa na kunawa haina neno. Kuimeza ndo balaa, inaua figo, na ikitokea mtoto ameinywa ni hospitali saa hiyo hiyo hata kama anaonekana mzima, msikae nyumbani kumpa maziwa mkasubiri muone. Kwa kuwa umeandika alikuwa anachezea na siku zimepita, na kama yuko sawa anakula anakojoa vizuri, tulia, ila mwambie shemeji siku nyingine akinge kwenye chombo, asimwage uani wanapocheza watoto.

Sasa tuje kwako. Nilivyokuelewa ni hivi, gari inapoteza maji na hakuna mtu anayejua yanaenda wapi, anayeitengeneza ni ndugu ambaye jina lake la kazi limesimama juu ya gari hiyo hiyo, mumeo ameona ulivyopita gereji nyingine umemtangaza mdogo wake, na mbele kuna harusi pamoja na mtu mwenye milioni kumi mkononi. Wewe umeyafunga yote kwenye fungu moja ukaniambia nichague, heshima au injini, ndoa au gari. Mimi kabla sijakubali kuchagua nataka nikuulize swali moja. Kati ya wote waliofungua boneti yako, nani amepima? Shemeji amebadilisha vitu, huyo mwingine ameangalia mapovu akataja bei. Mnanuniana humo ndani kwa ajili ya gasketi, kile kipande kinachoziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku iliyo chini yake, ambayo mpaka sasa hakuna binadamu aliyeithibitisha kama imeungua au ni nzima.

Mimi sio fundi, kwahiyo nilichofanya nilikaa na fundi mmoja mzee ninayemwamini nikamsomea barua yako bila kumwambia ya nani. Kwenye ile chupa ya pembeni akanisimamisha akasema rudia hapo. Nikarudia. Akasema huyo dada amesema jambo kubwa halafu hakuna aliyemsikiliza. Akanieleza kwamba mfuniko wa rejeta una vali mbili ndani yake. Moja inashikilia presha, maji yakipata moto yakatanuka yakazidi presha inafunguka na kuyasukuma kwenye chupa. Nyingine ndogo inafanya kazi gari ikipoa, inafunguka ili rejeta ivute maji yake kutoka kwenye chupa. Sasa mpira wa mfuniko ukichoka, au kakipira kale kembamba kanakoenda kwenye chupa kakipasuka, maji yanaenda lakini hayarudi, ndo unakuta chupa imejaa na rejeta tupu. Inaweza pia kuwa kuna sehemu nyingine inavuja, gari ikipoa inavuta hewa pale badala ya kuvuta maji. Vyovyote vile, umenitajia mpira wa juu, thamostati, feni na unga, mfuniko hujautaja. Juu yake huwa pameandikwa namba, kwa Toyota nyingi ni 0.9 au 1.1, hiyo ndo presha yake, na sio urembo, maana maji yakiwa chini ya presha ya 1.1 yanachemka kwenye karibu nyuzi 120 badala ya 100. Mfuniko mbovu maana yake gari yako inachemsha mapema kuliko ilivyotakiwa, hata kama injini haina kosa.

Kuhusu ule ukurutu mweupe ulioambiwa ni uchafu, upande wa mkanda ndo inakokaa wota pampu kwenye injini ya 1NZ, na chini ya pampu huwa kuna katundu kadogo kaliachwa makusudi, sili ya ndani ikifa maji yatokee hapo. Yanatoka tone tone, yanadondokea kwenye chuma cha moto, yanakauka kabla hayajafika sakafuni, na kinachobaki ni chumvi, na wewe na maji yako ya kisima chumvi iko ya kutosha. Kwahiyo sakafu kavu haimaanishi gari haivuji. Mzee anasema mtu achukue tochi na kioo kidogo, gari ikiwa baridi, afuate huo ukurutu unaanzia wapi. Ukianzia kwenye pampu ni jambo moja, ukianzia juu kwenye maungio ya hedi ni jambo lingine.

Na mapovu? Injini iliyoishiwa maji ikijazwa huwa ina hewa imebaki ndani, na hiyo hewa lazima itoke, kwahiyo mapovu ya dakika za mwanzo yanaweza kuwa ni hewa tu. Ya gasketi hayakomi, hata hewa yote ikishatolewa unawasha asubuhi gari ya baridi yanaendelea, na mpira wa rejeta unakuwa mgumu chapu kabla injini haijapata moto. Kuna dawa ya bluu mafundi wanayo, wanaweka kichombo chake mdomoni mwa rejeta, kama moshi wa injini unaingia kwenye maji ile bluu inageuka njano. Simtetei wala simshambulii yule fundi, anaweza kuwa sahihi kabisa, maana gari iliyoshakaribia H ina haki ya kuunguza gasketi. Ninachosema amekupa bei ya laki sita na nusu kwa kuangalia kitu ambacho kina maelezo zaidi ya moja.

Mahali ambapo mzee alishika kichwa ni pale mshale uliposhuka ghafla ukamshukuru Mungu. Mwanangu, kile kinachopima joto kinapima maji. Maji yakiisha kabisa kinabaki kwenye hewa na mvuke, kinasoma uongo, mshale unalala wakati injini ndo inaiva. Na yule fundi si alikuta rejeta tupu kesho yake? Kwahiyo siku nyingine mshale ukipanda halafu ukaanguka hivyo usiendelee na safari, egesha zima, hata kama ni katikati ya foleni na watu wanakupigia honi. Na usifungue mfuniko hapo hapo, subiri mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu bila kuungua, maji ya rejeta yakiruka usoni hayana huruma. Wenzako wa Vitz wengine hawana hata mshale, wana taa ndogo ya bluu na nyekundu tu, wewe una bahati.

Nimerefusha mambo ya gari kwasababu nadhani nusu ya ugomvi wenu umekaa humo. Sasa nigeukie watu.

Kwenye barua yako yote sikuona mahali umeongea na shemeji mwenyewe. Umeongea na mumeo, umeongea na fundi mwingine, umeongea na rafiki yako, umeniandikia mimi. Yeye unampelekea gari, anagusa, unaondoka. Unajuaje kwamba atavunjika? Inawezekana kijana mwenyewe kila akiiona hiyo Premio inakata kona kuja kwake moyo unamdunda, ameshafika mwisho wa anachokijua ila ataanzaje kumwambia mke wa kaka yake hapa nimekwama. Halafu kuna hili la ufundi wa bure, unaliona kama wema na ni wema kweli, lakini limewafunga wote wawili. Wewe huwezi kumuuliza kwanini haijapona kwasababu hujamlipa, yeye hawezi kukuambia niachie gari siku nzima niifungue vizuri kwasababu hiyo siku ana gari za watu wanaolipa. Sijui kama ndo ilivyo, nakuuliza tu kama umewahi kulitazama upande huo.

Wala usimdharau kwa alivyofanya. Kutoa thamostati na kupiga feni dairekti ni mambo ya gereji nyingi hapa nchini, ameyakuta kwa waliomfundisha. Yana kasoro zake, bila thamostati injini inachelewa kupata joto lake la kazi na mafuta inakula zaidi, na feni inayozunguka muda wote inaficha ugonjwa wa foleni mpaka siku inakufa yenyewe. Ule unga ndo mimi binafsi siupendi, maana unaziba palipotoboka na usipotakiwa kuziba, vile vijia vyembamba vya rejeta na vya hita. Kama uko humo bado, siku ya kutengeneza waambie waflashi kwanza, yaani wasafishe njia zote za maji.

Mumeo simjui. Ila nimeyasoma maneno yake tena na tena, alisema mtaa, akasema mama. Hakusema gasketi ni nzima, hakusema gari iachwe ife. Pengine anachokiona yeye ni ile jeki na spana alizonunua, anaona zimeanza kuchekwa. Na wewe ukamjibu la gari yangu hela yangu, ambalo ni kweli tupu, makato unayaona wewe kila mwisho wa mwezi, sitakuambia ulikosea kulisema. Ila mwanaume asiye na gari anayepanda ya mkewe kwenda kwenye harusi ya dada yake, hilo neno limemwingia kwa namna gani, unaweza kukisia kuliko mimi.

Basi tuangalie njia zilizopo, hakuna iliyonyooka kabisa.

Unaweza kuendelea hivi hivi na madumu yako. Watu wanaendesha hivyo miaka, nawajua. Hatari yake ni kwamba injini yako ni aluminiamu juu mpaka chini, hedi na bloku, na aluminiamu ikichemka inapinda, hata sehemu moja ya kumi ya milimita tayari gasketi haikai. Ikifika hapo ni kutoa hedi, kupeleka kuskimu, yaani kuchongwa uso wake unyooke, na ikishindikana unaambiwa tafuta injini nyingine, hapo hiyo laki sita na nusu utaikumbuka kwa hamu. Na shemeji naye hatapona, maana gari ikifia mikononi mwake mtaa utajua tu.

Unaweza kwenda kwingine kimya kimya, ukatengeneza ukarudi. Dar kubwa. Lakini anayefungua boneti yako mara kwa mara ni shemeji, ataona bolti zimeguswa, ataona gasketi mpya, na safari hii mumeo hatakuwa na hasira ya kushtukizwa, atakuwa na hasira ya kufichwa. Wapo wanawake wamefanya hivyo yakapita, sitaki kukutisha. Pima wewe na nyumba yako.

Unaweza kulitenganisha lile la kupima na lile la kutengeneza. Nielewe hapa. Kuna kifaa cha kupima presha, pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mdomoni mwa rejeta gari ikiwa baridi, mtu anapampu mpaka presha ile ile iliyoandikwa kwenye mfuniko halafu mnakaa kama robo saa mnaangalia. Mshale wa geji ukishuka maji yanatoka mahali, na kwa kuwa injini ni ya baridi hayakauki, utayaona yakilia kwenye pampu, kwenye maungio ya plastiki ya rejeta, au ukiona kapeti ya mbele upande wa abiria imelowa ujue ni hita. Ikishuka na nje hakuna tone hata moja ndo mnaanza kuitazama hedi kwa macho mengine, mnatoa plagi, mnaweka ile dawa ya bluu. Sasa hiyo kazi inaweza kufanyika pale pale chini ya mwarobaini, shemeji akiwepo, akiwa ndo aliyemwita mwenye kifaa. Mbona gereji zote gari ikiwa na shida ya umeme fundi injini anamwita fundi umeme, AC anaitwa mtu wa AC, na rejeta nazo zina watu wake, na hakuna anayesema fundi hajui kazi. Hapo ukimwambia "shem, naona hii imetusumbua wote, hebu tumtafute mtu wa kipimo uone mwenyewe halafu utengeneze wewe", sidhani kama umemvunjia heshima, ingawa unayemjua ni wewe. Hatari yake ni kwamba kipimo kinaweza kusema gasketi kweli, na hapo swali la nani afungue hedi linarudi mezani, kwasababu kufunga hedi kunataka spana maalumu ya kupima nguvu na kufuata mpangilio wa bolti. Je ameshawahi kufunga hedi ya 1NZ? Hilo aulizwe na kaka yake, wakiwa wawili, sio wewe mbele ya wateja.

Au hiyo hela ya ufundi ambayo hajawahi kukuchaji, umnunulie kifaa chenyewe. Hapo gereji inakuwa imepata chombo ambacho jirani yake hana, na mumeo ataona mkewe ameongeza kwenye ule mtaji wake. Wazo hili nimelipenda lakini nalo lina mwiba, mumeo akiwa bado na kinyongo anaweza kuliona kama kejeli, umemnunulia mdogo wangu kipimo ajifunze. Ndo maana kabla ya duka kuna mazungumzo, na sio ya gari. Mwambie tu kwamba siku ile mshale ulipanda ukiwa peke yako kwenye foleni na uliogopa. Kwenye barua yako uliniambia mimi ulitetemeka, sikuona kama yeye ameambiwa.

La kuuza. Gari ni yako na una haki ya kuiuza hata leo, hata kwa ubovu wake, watu wananunua gari mbovu kila siku kwa bei ya ubovu. Anachokushauri rafiki yako ni kitu kingine. Yule dada unakaa naye ofisi moja, atachemsha wiki ya kwanza, na kila asubuhi mtasalimiana. Ukiacha la dhamira, sheria yetu ya mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyeuziwa kwa udanganyifu kuukataa mkataba, kwahiyo akikuuliza ina shida yoyote ukasema haina, hiyo milioni kumi usiihesabu imeingia. Kama roho yako imeshachoka na gari yenyewe hilo ni sawa kabisa, ila jiulize ni gari umechoka au ni ugomvi, maana utanunua nyingine na fundi wa ukoo atakuwa bado ni yule yule. Ukimweleza ukweli anaweza kushusha bei, anaweza kusema atatengeneza mwenyewe, watu wengine wanashangaza.

Na Iringa. Ni kama kilomita 500, na katikati kuna Mikumi ambako barabara inakatisha hifadhi, sio pa kusimama na watoto kusubiri injini ipoe huku tembo wanavuka. Kama mpaka mwezi wa kumi na moja hakuna aliyepima kitu, basi yapo, stendi ya Magufuli pale Mbezi iko njia yenu hiyo hiyo, na kumwambia mama mkwe tunakuja na basi kwasababu gari iko kwa fundi si aibu kwa mtu yeyote, wala fundi hajatajwa jina. Tiketi za Desemba zikatwe mapema maana zinaisha. Kama imepimwa ikatengenezwa na mmeamua kwenda nayo, iendesheni kwanza wiki kadhaa hapa hapa mjini ikiwa na kulanti ya kweli, sio ya kisima, na kila asubuhi muangalie rejeta na chupa kabla ya kuwasha. Siku ya safari pumzikeni Ruaha Mbuyuni kabla hamjaanza kupanda, injini ipoe, maji safi yawepo kwenye buti. Kitonga mkikwama nyuma ya malori na mshale ukaanza kupanda zimeni AC, fungueni hita yote kwenye moto mwingi na vioo mshushe, inasaidia kuondoa joto kwenye injini, mtaloa jasho na nguo za harusi lakini mtafika pa kuegesha. Na shemeji akae mbele.